Kuandika "4K" kwenye boksi bila kutaja Hz ni utapeli, na "sasisha draiva" si jibu la kila skrini inayozimika

Wadau, huu ni uzi wa malalamiko na sitaupunguza makali. Mtu ana skrini tatu mezani. Moja inazimika na kuwaka, ya pili imegoma kwenye Hz 30 (picha 30 kwa sekunde), ya tatu haisomeki kabisa. Akiuliza, majibu ni yaleyale: sasisha draiva (programu inayoendesha kifaa), piga Windows upya. Watu wanafuta kompyuta nzima kwa kosa la waya! Na aliyetengeneza huo waya au hiyo doki (kifaa cha kugawa poti moja ya laptopu kuwa nyingi) haguswi na mtu.

Uhuni umejaa zaidi kwenye doki za USB-C. Boksi linasema "skrini mbili za 4K" basi, Hz hazitajwi popote. Haya, tupige hesabu. Skrini ya 3840 kwa 2160, Hz 60, rangi za biti 8, inahitaji takriban gigabiti 12.5 kwa sekunde. Poti ya USB-C ina njia nne za kasi, na doki ikitaka kupitisha data ya USB 3 kwa wakati mmoja inazichukua mbili, kwa hiyo picha inabaki na mbili. Kwa DisplayPort 1.2 (DisplayPort ni kiwango cha kupitisha picha, kama HDMI), njia mbili zinabeba gigabiti 8.64 tu. 4K ya Hz 60 haipiti hapo. Inashuka hadi 30 na kipanya kinaanza kuburuza. Kwa DisplayPort 1.4 zinafika 12.96, yaani skrini moja ya 4K inapita kwa kubanana na ya pili inakosa nafasi, labda kadi ya picha na doki zote mbili ziwe zinakubali ukandamizaji wa picha unaoitwa DSC. Draiva gani itaongeza njia ambazo hazipo kwenye waya? Kinachosaidia ni kuhamishia skrini moja kwenye poti ya HDMI ya laptopu yenyewe, au kutumia doki ya Thunderbolt (kiwango cha kasi zaidi chenye poti ya umbo la USB-C) kama laptopu inaikubali, au kuweka doki katika hali ya kuipa picha njia zote nne na kukubali USB ishuke hadi 2.0. Doki nyingine zina mpangilio huo, nyingine hazina, na boksi halikuambii.

Halafu si kila poti ya USB-C inatoa picha. Zipo za data na chaji tu, kwa umbo ni zilezile. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt pembeni ya poti, au soma vipimo vya modeli yako kamili kabla hujatoa hela.

Wenye Mac nao wanaumizwa. MacBook Air ya M1 inakubali skrini moja tu ya nje. Na macOS haitenganishi picha kupitia MST (mbinu ya DisplayPort ya kupitisha picha za skrini kadhaa kwenye waya mmoja), kwa hiyo doki inayotegemea MST itakuonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili hata ufanyeje. Njia ya kuzunguka ni doki za DisplayLink, ambazo zinakandamiza picha kwa prosesa na kuipitisha kama data ya USB. Hapo ndipo draiva inahusika kweli, isipowekwa hupati kitu.

Adapta nazo. Ile nyepesi ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi kwa sababu poti nyingi za DisplayPort za kompyuta zinajua kutoa mawimbi ya HDMI. Ukiigeuza, HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya skrini, haiwaki. Inatakiwa adapta yenye chipu ya kubadilisha, kwa kawaida ina mkia wa USB wa kuipa umeme. Wauzaji wanaojua hili na bado wanasema "inafanya kazi pande zote" wanaiba.

Kibaya kuliko vyote ni waya za DisplayPort zilizounganishwa pini ya 20. Pini hiyo ina volti 3.3 za kulisha adapta, na kwenye waya wa kawaida haitakiwi kuunganishwa. Ikiunganishwa, umeme wa skrini unarudi kwenye kadi, na kompyuta inaweza kugoma kuwaka mpaka uchomoe skrini. Mtu anabadilisha pawasaplai bure.

Kabla ya kumwambia mtu apige Windows, mwambie abadilishane waya kati ya skrini nzima na mbovu. Tatizo likihama na waya, tupa waya. Likibaki kwenye poti ileile, shuka hadi Hz 30 au 1920 kwa 1080. Kuzimika kukikoma, njia ya mawimbi ndiyo dhaifu, tumia waya wa mita 2 au pungufu uliothibitishwa. Skrini ikizimika kila mtu anapoinuka kwenye kiti cha gesi, huo ni umeme tuli, waya wenye kinga duni unaudaka. Na kama mashine ina kadi ya picha, hakikisha waya haujachomekwa kwenye poti ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta).

Madirisha kurundikana kwenye skrini moja baada ya kompyuta kulala: skrini ya DisplayPort ikilala inaweza kuonekana kama imechomolewa. Zima usingizi mzito na utafutaji wa chanzo kwenye menyu ya skrini yenyewe, na kwenye Windows 11 washa kukumbuka mahali pa madirisha, ndani ya sehemu ya skrini nyingi. Weusi kuonekana kijivu kwenye HDMI ni kadi kutuma rangi za 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Badilisha kwenye paneli ya kadi.

Na wanaouliza, acheni kuandika "skrini haifanyi kazi, msaada". Wekeni modeli ya kompyuta na kadi, modeli ya kila skrini, rezolusheni na Hz zake, poti ya kila upande wa kila waya, urefu wa waya, na jina kamili la doki au adapta.