Ulinzi shirikishi mtaani: tupeane uzoefu, nini kilisaidia na nini kilikwama?

Mwenye Daftari
Habari za humu wakuu. Mtaani kwetu nyumba nne zimevunjwa ndani ya wiki tatu. Juzi tumekaa kikao na polisi, tukaambiwa tuunde kikundi cha ulinzi shirikishi, tupange zamu, tuchange. Watu wamepiga makofi wakaenda kulala, daftari la zamu nimeachiwa mimi. Waliopita njia hii semeni yaliyowakuta, nadharia tumeshazisikia kikaoni.

Bundi Mstaafu
Pole na daftari. Sisi tulianza watu ishirini na sita, kila usiku sita wanatoka na filimbi. Wiki mbili za mwanzo watu waligombania tochi. Mwezi wa pili wanatokea watatu. Mwezi wa nne tulibaki mimi na mzee mmoja mwenye kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilikuwa king'ora chetu: mwizi akikisikia anajua tuko upande gani.

Baadaye askari mmoja akatuuliza kitu ambacho hatukuwahi kujiuliza: mnaibiwa saa ngapi? Tukapita nyumba kwa nyumba tukiandika. Matukio mengi yalikuwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, watu wako kazini. Miezi minne tunakesha, tunaibiwa mchana kweupe!

Mama Pacha
😂😂 Samahani, kikohozi kimenimaliza.

Mimi nilivunjiwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Walibeba televisheni, nikanunua nyingine, wakaifuata. Nikaamini kuna jirani ana chuki na mimi. Mpelelezi ndiye aliyenitoa huko. Alisema aliyeibiwa leo yuko hatarini zaidi wiki zinazofuata, kwa sababu mwizi ameshaijua njia na anajua utanunua kingine. Tukakubaliana majirani watano tu, wale wanaouona mlango wangu. Nikitoka nawaambia. Nikafyeka michongoma iliyokuwa inaficha dirisha, nikabadilisha kitasa. Hakuna aliyekesha hata usiku mmoja. Huu ni mwaka wa tatu sijaguswa.

Afande wa Zamani
Mama Pacha amegusa penyewe. Nimevaa magwanda miaka mingi, na hayo ya mpelelezi wake yalishajaribiwa. Miaka ya 1980 huko Rochdale, Uingereza, katika mtaa wa Kirkholt, ulifanyika mradi ulioelekeza nguvu kwenye nyumba zilizokwisha kuvunjwa. Majirani wa karibu wa kila nyumba waliombwa waitupie jicho, na zile mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu zikaondolewa, maana zilikuwa kibubu cha mwizi. Uvunjaji ukashuka sana.

Sasa doria. Mwaka 1972 hadi 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, walifanya jaribio: maeneo mengine magari ya doria yaliondolewa, yakabaki kuja yakiitwa tu, mengine yakaachwa kama kawaida, mengine yakaongezwa mara mbili mpaka tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na wakazi kwa jumla hawakugundua kama kuna kilichobadilika. Kwa hiyo msijilaumu kwa kuchoka. Kuzunguka ovyo ndiko kusikozaa. Mkija kituoni kusema "mtaani kuna wezi", askari hana pa kuanzia. Njooni na saa, uchochoro, rangi ya pikipiki.

Sitaji Tena
Afande, kwa heshima zote, mimi nilikwenda na hayo yote, na jina juu. Jioni yake yule kijana akanisimamisha njiani: "Asante kwa kunitaja." Nilihama chumba wiki hiyohiyo. Nani alimwambia?

Afande wa Zamani
Mdogo wangu, hilo sina la kulitetea. Limetuharibia kazi kuliko wezi wenyewe.

Sitaji Tena
Nilikohamia, mkuu wa kituo anakuja mwenyewe kwenye kikao kila mwezi na anaanza kwa kutoa majibu: lile jalada limefika hapa, lile limekwama kwa kukosa shahidi. Anayeogopa anampigia yeye moja kwa moja. Ilichukua karibu mwaka watu kumwamini. Mimi bado nasikiliza tu.

Filimbi
Na mkikamata mtu je? Sisi tulimkamata kijana saa tisa usiku, anakimbia. Kabla hajamaliza sentensi ameshapigwa. Alikuwa anakimbilia usafiri, mkewe ameshikwa na uchungu. Jicho moja halioni mpaka leo. Wenzetu wawili walifikishwa mahakamani na kikundi kikafa usiku uleule.

Nilikoingia sasa sharti ni moja: ukimshika, unakaa naye na polisi wanaitwa. Anayeinua mkono anatolewa kwenye kikundi na jina lake linapelekwa kituoni. Mimi nilimrushia teke yule kijana, ndiyo maana nalisema kila kikao.

Mwenye Daftari
Leo nimepita zile nyumba nne. Tatu zinapakana na kiwanja kimoja chenye majani marefu, kisichokaliwa na mtu, na zote tatu zilivunjwa mchana. Ya nne mwenyewe hakumbuki. Kesho nakwenda kituoni na hizo saa, na mwenye kiwanja tumeanza kumtafuta. Zamu za usiku nimezisimamisha, wengine wamenuna.

Mama Pacha, ulifunga kitasa cha aina gani?