Mgonjwa wa skizofrenia wodini: unamshirikishaje kuchagua tiba ikiwa kila jibu ni "ndiyo daktari"?

NesiWaZamu:
Wakuu habari za kazi. Nazungumzia wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo. Naomba mawazo ya utendaji, nadharia tumeshaisikia kwenye semina. Wodi ya vitanda 30, daktari mmoja, raundi mara mbili kwa wiki, dakika nne au tano kwa kila kitanda. Mgonjwa kachomwa haloperidoli na diazepamu (sindano za kumtuliza) usiku, asubuhi macho mazito, mbele yake wamesimama watu wanane. Anaulizwa, "Dawa hii umeikubali?" Anasema ndiyo. Wengi wa namna hii huacha vidonge wakishafika nyumbani. Sasa ashirikishwe lini, na nani? Na yule anayesema haumwi kabisa?

Mzee wa Raundi:
Raundi si mahali pa kuamua. Ni mahali pa kutangaza kilichokwisha zungumzwa.

Siku mbili tatu za kwanza usimpe mgonjwa maamuzi makubwa, mpe madogo ya kweli: dawa ya maji au kidonge, anywe baada ya uji au kabla ya kulala, nani wa nyumbani apigiwe simu. Akianza kulala usiku na kuweza kufuata mazungumzo kwa dakika kumi, kaa naye. Kusikia sauti peke yake hakumwondolei uwezo wa kuamua. Pima mambo manne: ameelewa ulichomweleza, anaona kinamhusu yeye, anaweza kulinganisha njia mbili, na anaweza kusema anachotaka. Usimuulize "umeelewa?" Mwambie, "Nieleze kwa maneno yako, dawa hii itakusaidia nini na itakusumbua wapi?" Akishindwa leo, rudi kesho kutwa. Uwezo huu hubadilika, na hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja: anaweza kushindwa kupima habari za sindano lakini akajua vizuri kwamba hataki kurudi kwa shemeji yake.

Anayefaa kukaa naye ni muuguzi, mara mbili, nusu saa kila mara, mkiwa na karatasi. Huko Munich, Ujerumani, daktari wa akili Hamann na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio la wagonjwa 107 wa skizofrenia waliolazwa. Walitumia kijitabu cha kurasa 16: vidonge au sindano ya muda mrefu, dawa za zamani au mpya, mafunzo kuhusu ugonjwa. Muuguzi alimsaidia mgonjwa kukipitia, kisha wakapanga na daktari. Wagonjwa waliujua ugonjwa wao vizuri zaidi, wakajiona wameshirikishwa zaidi, na muda wa daktari haukuongezeka.

Mfamasia_Bara:
Naongeza upande wa stoo, maana hapa ndipo karatasi nyingi nzuri zinapokufa. Kabla ya kuandika chaguo lolote, uliza duka la dawa la hospitali lina nini mwezi huu, na familia itaweza kununua nini akitoka. Kumchagulisha mtu olanzapini ambayo nyumbani hataipata ni kumdanganya. Klozapini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo bila maabara ya kuzihesabu kila wiki mwanzoni si chaguo, na kwa kawaida haijadiliwi mpaka dawa mbili nyingine zimejaribiwa kwa dozi na muda wa kutosha.

Madhara yaandikwe kwa lugha ya wodini. Haloperidoli: shingo au taya kukaza, mikono kutetemeka, miguu isiyotulia. Klorpromazini: usingizi, kizunguzungu ukisimama ghafla, ngozi kuungua na jua (kwa mkulima hili si dogo). Olanzapini: njaa, unene, sukari kupanda, mpime uzito kabla ya kuanza. Risperidoni: hedhi kukatika, maziwa kutoka, nguvu za kiume kupungua. Hayo ya mwisho hakuna anayeyasema mbele ya watu wanane, na ndiyo mara nyingi yanayofanya vidonge vitupwe chooni.

Flufenazini, sindano ya muda mrefu: anza na miligramu 12.5 za majaribio, kisha kwa kawaida 25 kila wiki mbili hadi nne. Mwambie wazi kwamba ikishaingia mwilini haitolewi. Imo ndani ya mafuta ya ufuta, kwa hiyo uliza kama ufuta unamdhuru.

Dada Ustawi:
Mzee, jaribio hilo ni zuri, ila tusilipambe. Walipofuatiliwa baadaye, haikuonekana wazi kwamba walioshirikishwa walishikilia dawa kuliko wenzao. Kushirikishwa ni haki kwanza. Kenya imeiandika kwenye marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022.

NesiWaZamu, anayesema haumwi usishindane naye juu ya jina la ugonjwa. Anza na anachokilalamikia mwenyewe: hakulala siku nne, anaogopa majirani, kagombana na kaka. "Tukipata kitu cha kukurudishia usingizi, ungependelea kipi?" Hapo mazungumzo yameanza. Na msimfichie dawa kwenye uji. Akigundua, hataamini uji wala nesi, na familia itaendeleza mchezo huohuo nyumbani. Ikibidi achomwe kwa nguvu kwa sababu ya hatari, aelezwe sababu wakati huohuo, na tena akitulia, na aulizwe safari nyingine angependa lifanyikeje.

Ndugu wakaribishwe, lakini kwanza mwone mgonjwa peke yake. Mama akiwepo, mama ndiye atakayejibu.

NesiWaZamu:
Nimewapata. Karatasi yenyewe iweje, na asiyejua kusoma?

Mzee wa Raundi:
Ukurasa mmoja, njia mbili au tatu, zisizidi. Asiyesoma achorewe: jua na mwezi kwa saa za dawa, mizani kwa unene, mguu kwa kutotulia. Chini acha mistari mitatu: ninachotaka, nisichotaka, apigiwe nani nikizidiwa. Nakala moja kwenye faili mbele ya chati ya dawa, nyingine aende nayo. Akilazwa tena, nesi wa mapokezi aisome kabla ya kufungua kabati la sindano.

Dada Ustawi:
Na kwenye raundi, aliyekaa naye ndiye aanze kusema, na watu wanane wapungue wawe watatu.