Upendeleo wa kichama katika televisheni za Marekani: mwanafunzi atumie kipimo gani?

Mwalimu wa Uraia (Makorora, Tanga):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha somo la Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Tanga, na pia ninasimamia klabu ya midahalo. Wanafunzi wangu hufuatilia siasa za Marekani kwa vipande vya video vinavyosambazwa kwenye simu, na hivi karibuni waliniletea vipande viwili vilivyohusu hotuba moja ya rais, kimoja cha Fox News, kinachojulikana kuegemea chama cha Republican, na kingine cha CNN, kinachosemwa kuegemea chama cha Democrat, wakataka niwaambie ni kituo kipi kinachosema kweli. Kwamba vituo vinatofautiana hakukuwashangaza, maana hilo wanaliona hata katika magazeti yetu. Kilichowatatiza ni kumwona mtangazaji yule yule akilitetea leo jambo alilolilaani miaka michache nyuma, pale lilipofanywa na chama kingine.

Wazee wetu wa barazani wanashauri kwamba tutazame vituo vyote viwili kisha tuchukue katikati. Ninawaheshimu, lakini ushauri huo siwezi kuupeleka darasani, kwa sababu ikiwa upande mmoja unasema uongo, katikati ya uongo na kweli hamna kweli. Naomba kipimo ambacho kijana anaweza kukitumia mwenyewe, bila kuijua kwa kina historia ya nchi ile.

Mkazi wa Chumbageni:

Mwalimu, salaam. Kipimo ninachokiamini ni hiki: tafuta tendo moja lililofanywa na vyama vyote viwili kwa nyakati tofauti, kisha usikilize kituo kilisema nini mara ya kwanza na kilisema nini mara ya pili. Habari moja peke yake haitoshi kumfichua mtangazaji, kwa kuwa kila habari inaweza kupambwa kwa sababu nzuri.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Jaji Antonin Scalia alifariki Februari 2016, na mwezi uliofuata Rais Barack Obama, wa chama cha Democrat, akamteua Merrick Garland kushika nafasi yake. Maseneta wa Republican, waliokuwa wengi katika Seneti, baraza linalowathibitisha majaji, walikataa hata kumsikiliza mteule huyo, kwa hoja kwamba huo ni mwaka wa uchaguzi na kwamba wananchi waachwe waamue kwa kura zao. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Septemba 2020, alifariki Jaji Ruth Bader Ginsburg, na safari hii uchaguzi ulikuwa umebakiza majuma saba tu. Maseneta wa chama kile kile walimthibitisha Amy Coney Barrett, mteule wa Rais Donald Trump wa chama chao, tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya kura. Hoja ya wananchi kuamua haikusikika tena vinywani mwao, na mahali pake ikaja hoja kwamba Katiba inawapa mamlaka kamili.

Mwanafunzi asiishie kwa wanasiasa, kwani wao kubadilika si habari ngeni. Awatazame wachambuzi wa studio. Wengi wa upande wa Republican waliihama hoja yao pamoja na chama, na hawakuona haja ya kuwaeleza watazamaji ni nini kilichobadilika. Wapo wa upande wa Democrat waliokuwa wamesema mwaka 2016 kwamba Seneti ina wajibu wa kumpigia kura mteule, kisha mwaka 2020 wakataka uchaguzi usubiriwe. Kwa haki nitaongeza kwamba hawa wa pili walikuwa na utetezi fulani, kwamba wanadai tu kanuni iliyowekwa na wenzao ifuatwe kwa wote. Mwanafunzi aupime utetezi huo, asiukubali wala kuukataa kwa sababu ya jina la chama.

Wahenga walilijua tangu zamani: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Fundi wa ving'amuzi (Ngamiani):

Mimi ningependa Mwalimu awaeleze wanafunzi pia upande wa biashara, kwa sababu bila huo mtu hudhani kwamba tatizo ni tabia mbaya za watangazaji peke yake.

Husemwa mara nyingi kwamba upendeleo ulianza pale Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipofuta, mwaka 1987, kanuni iliyodumu tangu 1949, ambayo ilivitaka vituo vijadili masuala yenye ubishi na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Ni kweli kwamba kufutwa kwake kuliwafungulia mlango watangazaji wa redio wenye misimamo mikali. Hata hivyo kanuni hiyo iliwahusu wenye leseni ya kurusha matangazo hewani, na haikuwahi kuvibana vituo vinavyopitia waya (kebo), yaani vinavyoingia nyumbani kwa waya badala ya antena. CNN ilianza mwaka 1980, MSNBC na Fox News zikaanza mwaka 1996, na zote tatu zilijengwa juu ya waya.

Televisheni ya namna hiyo hulipwa kwa ada ya kila nyumba iliyo na kifurushi, hata kama nyumba hiyo haiitazami kabisa, na juu ya ada yanakuja matangazo ya biashara. Kwa hiyo kituo hakihitaji kupendwa na taifa zima lenye watu zaidi ya milioni 300. Watazamaji milioni mbili au tatu waaminifu, ambao wangelalamika vikali kama kituo kingeondolewa kwenye kifurushi, wanatosha kukipa nguvu. Huko Uingereza, ambako sheria bado inataka taarifa za habari za televisheni zisiegemee upande wowote, mtu mwenye mawazo ya kuanzisha kituo cha aina hiyo anakutana na vizuizi ambavyo Marekani havipo.

Msomaji wa Muheza:

Ninakubaliana na ndugu wa Chumbageni, ila nina wasiwasi kwamba kipimo chake kikitumiwa kwa haraka kitawafundisha vijana kwamba pande zote ni sawa, na hilo halina ukweli.

Baada ya uchaguzi wa Novemba 2020, Fox News ilirusha mara kwa mara madai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziliiba ushindi wa Donald Trump. Dominion ilipofungua kesi, ujumbe wa ndani wa kituo uliwekwa wazi, na ukaonyesha kwamba watangazaji wakubwa na wakuu wao hawakuyaamini madai yale waliyokuwa wakiyapa nafasi hewani. Mwandishi wao mmoja alipoyakanusha hadharani, mtangazaji maarufu, Tucker Carlson, aliwaandikia wenzake akitaka afukuzwe. Sababu inasomeka humo humo: usiku wa uchaguzi kituo kilikuwa kimetangaza mapema kwamba Joe Biden, mpinzani wa Trump, ameshinda jimbo la Arizona, watazamaji wakakasirika, na baadhi yao wakahamia kituo kidogo cha Newsmax. Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5 ili kesi isiendelee.

CNN nayo haiko safi. Mwaka 2020 ilimruhusu Chris Cuomo kumhoji mara kadhaa, kwa upole na mizaha, kaka yake Andrew aliyekuwa gavana wa New York, wakati kabla ya hapo kituo kilikuwa kimemzuia kufanya hivyo. Gavana alipotuhumiwa kuwadhalilisha wanawake, mtangazaji huyo alimsaidia kwa siri kupanga utetezi, na Desemba 2021 akaachishwa kazi. Hilo ni kosa zito, kwa sababu watazamaji walinyimwa haki ya kujua anayezungumza nao anamtumikia nani. Lakini kurusha mara kwa mara jambo usiloliamini, katika suala la nani ameshinda urais, ninaliona kuwa zito zaidi, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya darasa.

Mwalimu wa Uraia:

Ninawashukuru sana. Hoja ya Msomaji wa Muheza kuhusu hasira za watazamaji imenigusa, kwa kuwa inamrudisha mwanafunzi kwenye nafsi yake: kituo kiliogopa kuwaambia kweli watu ambao hawakutaka kuisikia. Nitawapa wanafunzi maelezo ya matukio ya 2016 na 2020 yaliyoondolewa majina ya vyama na ya majaji, waandike hukumu zao na kuzitia saini, ndipo nirudishe majina.

Mkazi wa Chumbageni:

Ni vyema, Mwalimu. Ukimaliza, walete nyumbani. Januari 2016 Serikali yetu, kupitia Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, ilitangaza kwamba TBC haitarusha moja kwa moja vikao vya Bunge kama ilivyokuwa ikifanya, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Wapinzani walipinga vikali ndani ya ukumbi, na wengi wa chama tawala waliona sababu hiyo inatosha. Kila mwanafunzi ajiulize kama angeipokea sababu hiyo hiyo endapo Serikali ingekuwa ya chama asichokipenda, na aandike jibu lake kabla hajamsikiliza jirani yake wa dawati.