Ufadhili wa wachache unatosha kufungua milango ya chuo kikuu?

Swali

Ndugu wachangiaji, nimo katika kamati inayoandaa mapendekezo kwa chuo kikuu cha umma kuhusu namna ya kuwafikia watu ambao kwa kawaida hawafiki chuoni, na namna ya kuliinua kiuchumi eneo linalokizunguka. Wenzangu wengi wanapendelea ufadhili kwa vijana wachache wa familia maskini wenye alama za juu. Nina shaka kama hilo linatosha. Mnashauri tuanzie wapi?

Jibu la 1

Shaka yako ina msingi. Ufadhili wa aina hiyo humfaa aliyekwisha kuukaribia mlango, lakini humwacha mtu mzima mwenye kazi na watoto, pamoja na kijana aliyesoma katika shule isiyo na maabara. Kwa ajili ya watu wa kundi la kwanza, Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilipokea wanafunzi bila kudai vyeti vya awali, ikawafundisha kwa posta, redio na televisheni huku wakiendelea na kazi zao. Kuhusu kundi la pili, jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1997 iliyomhakikishia nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo mwanafunzi aliyekuwa katika asilimia 10 ya juu shuleni kwake, yaani alipimwa dhidi ya wenzake waliofundishwa na walimu wale wale.

Kagueni pia kalenda ya malipo. Mara nyingi amana ya chumba na nauli huhitajika kabla mkopo haujaingia, na hapo ndipo aliyekwisha kuchaguliwa hupotea kimyakimya, bila jina lake kuonekana katika takwimu zozote za walioacha masomo.

Jibu la 2

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu udahili, ila nusu ya pili ya swali ameiruka. Chuo kikuu ni mnunuzi mkubwa. Soma tangazo la zabuni ya chakula au usafi: kazi yote imefungwa katika mkataba mmoja, na mwombaji anadaiwa dhamana ya benki na hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, masharti ambayo kikundi cha wajasiriamali wa jirani hakiwezi kuyatimiza hata kama kinapika vizuri kuliko kampuni kubwa. Igawanyeni zabuni katika mafungu, punguzeni dhamana, na zaidi ya yote lipeni kwa wakati, kwani mzabuni mdogo huuawa na malipo yaliyocheleweshwa. Huko Cleveland, Marekani, Case Western Reserve University ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizounga mkono ushirika wa Evergreen, ulioanzishwa mwaka 2008, ambao biashara zake, ikiwemo ya kufua nguo, humilikiwa na wafanyakazi wenyewe.

Jibu la 3

Naomba kutofautiana kidogo. Zabuni ni jambo jema, lakini hata hospitali au gereza linaweza kuzigawa; kinachokitofautisha chuo ni maarifa. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ya Marekani ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi (ardhi ambayo, tusisahau, kwa sehemu kubwa ilitwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili), na sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 ikaongeza huduma ya ugani, ili matokeo ya utafiti yawafikie wakulima mashambani mwao. Swali gumu kwa kamati yenu ni hili: mhadhiri anapandishwa cheo kwa vigezo gani? Ikiwa ni machapisho tu, hakuna atakayetumia muhula mzima kwa mafundi seremala wanaohangaika na mbao zinazopinda, hata mkiandika sera nzuri namna gani.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Kalenda ya malipo na mafungu ya zabuni nitayawasilisha kwanza, kwa kuwa naamini hayo yako ndani ya uwezo wa menejimenti. Vigezo vya kupandisha vyeo vitahitaji ridhaa ya seneti, na huko natarajia upinzani. Mwenye uzoefu wa kuvibadilisha anieleze kazi ya ugani ilipimwaje.