Naomba ushauri: mazoezi ya kuruka kwa waogeleaji chipukizi yafanyike majini au nchi kavu?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, ninafundisha waogeleaji wa mashindano wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Katikati ya bwawa wanakwenda vizuri, lakini wanaachwa wakati wa kuruka kutoka jukwaa la kuanzia na wakati wa kujisukuma ukutani baada ya kugeuka. Ninakusudia kuwaongezea mazoezi ya pliometriki, yaani kuruka, kutua na kuruka tena papo hapo, ila baadhi ya wazazi wanahofia magoti ya watoto wao. Je, nifanyie yote majini?

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, hofu hiyo ina msingi, lakini haitoshi kukufanya uiache nchi kavu. Maji ya kiunoni huipunguzia miguu takriban nusu ya uzito wa mwili, na ya kifuani huiachia karibu theluthi tu, hivyo kishindo cha kutua hupungua sana. Hata hivyo, maji hayohayo humchelewesha mrukaji: hushuka taratibu, hukawia chini, na kano zake hazipati ule mvutano wa ghafla unaohifadhi nguvu na kuirudisha mara moja. Isitoshe, mwogeleaji hushinda akielea, na mifupa yake hukosa mishindo ambayo mkimbiaji huipata kila siku. Kwa hiyo kuruka kwa kiasi kwenye sakafu kunamjenga.

Mchangiaji wa pili: Ninaongezea jambo moja ambalo walimu wengi hulipita. Juu ya jukwaa la kuanzia mwogeleaji ametulia tuli, kwa hiyo zoezi linalomfaa hapo ni kuchuchumaa, kusimama kidogo katika hali hiyo, kisha kuruka mbele kwa nguvu zote. Ukutani hali ni tofauti, kwa maana miguu hugusa na kuondoka mara moja, na hapo ndipo miruko mifupi ya mfululizo inapolipa.

Mleta mada: Nashukuru sana. Nianze na kiasi gani?

Mchangiaji wa tatu: Mara mbili kwa wiki zinatosha, zikitenganishwa na siku mbili hivi, tena kabla ya kuogelea, miguu ikiwa haijachoka. Anza majini kwa wiki chache, seti mbili za miruko 6 hadi 8, huku ukiwafundisha kutua kimya, magoti yakielekea vidoleni bila kuingia ndani. Anayetua vizuri ndiye ahamie nchi kavu, kwenye sakafu isiyo ngumu wala telezi, na miruko ya kutoka juu ya kisanduku isubiri kwanza. Usipange kwa umri pekee, kwa kuwa watoto wawili wa miaka 13 wanaweza kupishana sana katika ukuaji. Anayerefuka kwa kasi akilalamikia maumivu chini ya kilegesambwa (mfupa wa mbele ya goti) au kisiginoni, msimamishe kuruka na apelekwe kwa daktari. Mazoezi ya kuogelea yasiyomuumiza anaweza kuendelea nayo.