Disney Orlando mwezi wa saba: mtoto wa miaka mitano na nusu apandishwe kigari au atembee?

MamaZu_Houston

Habari zenu wapendwa. Tunakwenda Walt Disney World mwezi wa saba, siku nne, bustani moja ya michezo kwa siku: Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Hoteli yetu iko nje ya eneo la Disney na tutakuwa na gari. Watoto ni wawili. Mkubwa ana miaka mitano na nusu, kilo 20, urefu sentimita 112, na siku za kawaida haombi kubebwa. Mdogo ana miaka mitatu, kilo 14. Kigari cha kusukumia watoto tulicho nacho ni cha mtoto mmoja, kile chepesi cha kukunja. Bibi yao tunakwenda naye, na anaona ni aibu mtoto mkubwa hivyo kusukumwa. Nitajuaje kama mkubwa ameshavuka mambo ya kigari? Nitafute cha wawili, nikodi kulekule, au nimwache atembee?

njia_ya_Kissimmee

Dada, umri uweke kando kwanza. Kuna mambo matatu ya kupima: miguu yake inavumilia hadi saa ngapi, mtatoka saa ngapi, na kama mwili wake bado unaenea kwenye kigari. Kwamba siku za kawaida haombi kubebwa hakukupi jibu, maana siku ya Disney haifanani na siku ya kawaida. Mtu mzima anayeingia asubuhi na kutoka baada ya fataki, simu yake humwonyesha kilomita 10 hadi 16. Mtoto anatembea njia hiyohiyo kwa hatua fupi, kwa hiyo anapiga hatua nyingi zaidi. Epcot ndiyo inayowamaliza wengi: ule mzunguko wa ziwa la World Showcase, wenye mabanda ya nchi 11, ni karibu kilomita 2, na hapo hujahesabu kutoka langoni hadi ziwani na kurudi.

Halafu kuna foleni. Kigari hakiingii kwenye foleni, kinaachwa nje kwenye maegesho ya vigari. Hata mtoto mwenye kigari atasimama dakika 40 au 60 kwa miguu yake, na kusimama kunachosha miguu midogo kuliko kutembea. Kwa hiyo msidhani kigari kinamfanya mtoto akae siku nzima. Kazi yake ni kumpumzisha kati ya foleni moja na nyingine, ili akifika ya pili awe na nguvu ya kusimama.

Mpime kabla hamjasafiri. Chagua siku ya mapumziko, wiki tatu au nne kabla. Asubuhi tembeeni kilomita 4, na katikati msimame nusu saa mahali pamoja bila kukaa. Mchana ale, apumzike. Kuanzia saa kumi na mbili jioni tembeeni kilomita 3 nyingine. Kinachoamua ni hiyo ya jioni. Wazazi wengi hupima asubuhi tu, mtoto anawakimbia mbele, wanahitimisha kwamba yuko tayari, kumbe kila mtoto wa miaka mitano yuko tayari saa tatu asubuhi. Jioni angalia haya: anajikwaa mahali pasipo na kitu, anavuta miguu, ananing'inia kwenye mkono wako, anachuchumaa kila mnaposimama, analia kwa jambo dogo. Zikionekana mbili kati ya hizo kabla ya kilomita 2 kuisha, huyo bado anahitaji mahali pa kukaa. Akimaliza huku anaendelea kuuliza maswali, miguu anayo.

Tena wakati wa kutoka ndio mgumu kuliko yote. Nyie mtaegesha gari. Pale Magic Kingdom maegesho hayako langoni. Ukitoka unapanda feri au treni ya reli moja hadi kituo kikuu, ndipo unaelekea kwenye gari. Vigari vya kukodi vya Disney haviruhusiwi kutoka bustanini, unavirudisha langoni. Maana yake, baada ya fataki, saa ambayo watoto wote wawili wamelala, ndiyo saa mnayonyang'anywa kigari. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutotegemea cha pale ndani kwa familia yenye gari lake.

fundi_magurudumu

Naongezea upande wa kigari chenyewe, maana watu huangalia mtoto wakasahau chombo.

Tafuta kibandiko cha uzito, mara nyingi kiko kwenye bomba la fremu chini ya kiti au nyuma ya mgongo wa kiti. Vingi vinavyouzwa Marekani huandikwa ratili 50, yaani kilo 22.7. Vile vyepesi sana utakuta ratili 40, kilo 18 tu. Vilivyonunuliwa Ulaya utakuta kilo 15 au kilo 22. Mwanao ana kilo 20 bila viatu. Mpime tena akiwa amevaa, ukumbuke chupa ya maji anayoshika mapajani. Kigari kilichozidiwa hakivunjiki papo hapo. Kwanza magurudumu ya mbele yanaanza kutikisika, halafu kiungo cha kukunjia kinalegea, halafu siku moja kinafyatuka kikiwa kwenye ukingo wa barabara. Njia za Animal Kingdom zina mashimo na mawe ya makusudi, hasa kijiji cha Harambe kilichojengwa kuiga mji wa pwani ya Afrika Mashariki (mtasoma Kiswahili ukutani, watoto watafurahi). Magurudumu madogo ya plastiki hupata tabu pale kuliko bustani nyingine zote.

Kisha mkalishe, umfunge mkanda, umwangalie kwa ubavuni. Kichwa kikigusa paa la kigari au kikipita mgongo wa kiti, akilala shingo itaanguka upande. Magoti yakiwa juu ya nyonga, kiti ni kifupi kwake. Miguu isipokaa kwenye kikanyagio, kiatu kitagusa gurudumu la mbele, na hapo ndipo vidole huumia. Kiti kikimkataa kwa mawili kati ya hayo, kigari *hicho* ameshakivuka hata kama miguu yake bado ni dhaifu. Jibu linakuwa kigari kikubwa zaidi, si kumtembeza.

Vipimo vya Disney tangu Mei 2019: upana usizidi inchi 31, sawa na sentimita 79, urefu wa mbele hadi nyuma usizidi inchi 52, sawa na sentimita 132. Mikokoteni ya watoto, iwe ya kuvuta au ya kusukuma, hairuhusiwi kabisa. Vigari vya wawili vya kukaa ubavu kwa ubavu vingi ni inchi 29 hadi 30, vinapita, lakini pima kwenye magurudumu ya nyuma ambako ndiko kwenye upana mkubwa. Usisome boksi tu.

Na tafadhali msitundike mabegi kwenye mpini. Mtoto wa kilo 20 akiruka chini ghafla, kigari chepesi kinapinduka kinyumenyume pamoja na mdogo aliyebaki. Vitu vizito viwe kwenye kikapu cha chini.

baba_wa_matembezi

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Mtoto wa sentimita 112 na kilo 20, asiye na tatizo la afya, anaweza kutembea Disney ikiwa *wazazi* watakubali kupunguza siku. Tatizo la familia nyingi ni kutaka kukaa saa 14 mfululizo kwa kuwa tiketi ni ghali, kisha kigari kinatumika kumlazimisha mtoto avumilie ratiba ya watu wazima.

Ratiba inayowafaa watoto wa umri huo mwezi wa saba ni hii: muwe langoni nusu saa kabla ya kufunguliwa, mfanye michezo yenye foleni ndefu kwanza, na saa saba mchana mtoke mrudi hotelini. Joto la mchana Orlando mwezi huo ni wastani wa nyuzi 33 na unyevu mwingi, na alasiri radi ni karibu kila siku, zikianza michezo ya nje inasimamishwa. Hamkosi mengi. Mlale, muogelee, mle, kisha mrudi saa kumi na moja jioni. Mtoto aliyelala saa moja na nusu mchana ni mtoto mpya.

Pia tumieni vyombo vya kukaa. Epcot kuna boti za kuvusha ziwa, hamna haja ya kulizunguka lote. Maonyesho ya ndani yenye viti na kiyoyozi muyapange kati ya foleni mbili ndefu, yasiwe ya kujazia muda mwishoni. Viatu viwe vile alivyovivaa mwezi mzima nyumbani, na soksi pea mbili za akiba kwa kila mtoto, kwa sababu soksi iliyoloa mvua huchubua kisigino, na mtoto aliyechubuka hatembei hata kama ana miaka kumi.

Kigari cha mdogo bebeni, hilo sipingi.

nesi_wa_watoto_Ohio

Baba wa matembezi, hiyo ratiba ni nzuri, lakini hoteli ikiwa dakika 30 kwa gari, na kurudi Magic Kingdom ni maegesho, feri na ukaguzi upya, mapumziko ya mchana yanakula karibu saa mbili za njiani. Kwa bustani hiyo moja ningewaambia wapumzike ndani.

Nataka kusema la afya, maana kwenye jamii zetu lipo. Mtoto mwenye seli mundu, asiulizwe umri. Uchovu mkubwa, joto na upungufu wa maji ni vichochezi vya maumivu, na hata kuingia ghafla kwenye bwawa la maji baridi baada ya jua kunaweza kuyaamsha. Huyo apumzishwe kabla hajachoka, anywe maji kila dakika 15 hadi 20 bila kusubiri kiu. Ni hivyo kwa mwenye pumu isiyotulia, mwenye misuli dhaifu, au mwenye usonji ambaye kigari ndicho mahali pake pa kutulia kelele zikizidi. Nendeni ofisi ya Guest Relations mnapoingia, mwombe kibandiko kinachofanya kigari kihesabiwe sawa na kiti cha magurudumu. Kikishafungwa, mnaruhusiwa kuingia nacho kwenye foleni. Mtoto aliyepita kilo 23 kuna vigari maalumu vya watoto wakubwa vinavyobeba zaidi ya kilo 40. Hilo la aibu mwelezeni bibi kwa upole, ataelewa.

Na msifunike kigari chote kwa kanga au blanketi ili mtoto alale. Hewa inakwama ndani na joto linapanda haraka. Tandaza kivuli juu tu, pande mbili ziwe wazi, na umguse shingoni kila dakika chache. Ngozi ya moto iliyokauka, au mtoto asiyeamka vizuri, huyo ni wa kupelekwa kituo cha huduma ya kwanza papo hapo.

MamaZu_Houston

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemkalisha mkubwa kwenye kigari chetu jioni hii: magoti yako juu na kichwa kinagusa paa, na kibandiko kinasema ratili 40. Kwa hiyo hicho hakimfai. Sasa je, wakae zamu na mdogo kwenye kimoja, au kile kibao cha kusimama nyuma kitasaidia? Na cha wawili kitapandaje feri na treni?

njia_ya_Kissimmee

Zamu kwenye kimoja zitaleta vita, kwa sababu wote wawili huchoka saa ileile. Kibao cha kusimama kinafaa kwa kilomita moja ya sokoni, lakini vibao vingi vinaishia kilo 20 hadi 22, mtoto halali juu yake, na kinarefusha kigari kikakaribia ile sentimita 132.

Kodisheni cha wawili kutoka kampuni za Orlando zinazoleta hotelini, chenye viti vya hadi ratili 50 kila kimoja. Cha kukodi cha Disney wenyewe ni cha plastiki ngumu, hakilali, na kama nilivyosema kinaishia langoni. Feri na treni ya reli moja mnaingia nacho kikiwa wazi. Kwenye mabasi ya Disney ndiko hutakiwa kukunjwa kabla ya kupanda, ila nyie mna gari, kwa hiyo hakikisheni tu kinaingia kwenye buti pamoja na mizigo.

Sentimita 112 ndiyo kima cha chini cha urefu wa kupanda mchezo wa Space Mountain, na mkubwa yuko palepale, kwa hiyo avae viatu vyenye soli. Mdogo huenda hafiki hata sentimita 97 za michezo ya Slinky Dog Dash na Seven Dwarfs Mine Train. Ombeni Rider Switch mlangoni mwa mchezo: mmoja aingie na mkubwa, mwingine akae na mdogo, kisha wabadilishane bila kupanga foleni upya.

Mkubwa atembee asubuhi zote kadiri apendavyo. Kiti chake kibebe maji na makoti ya mvua hadi alasiri, kisha kiwe chake.

fundi_magurudumu

Mkiegesha kigari, toeni simu, pochi na dawa. Wahudumu huvisogeza ili kuvipanga, kwa hiyo msikifunge kwa mnyororo kwenye uzio, na msishtuke kukikuta mita 20 kutoka mlipokiacha. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, na uweke mfuko mkubwa wa taka kwenye kikapu. Mawingu yakikusanyika kabla hamjaingia foleni, vifunikeni viti vyote viwili kwa huo mfuko na muubane chini ya magurudumu, maana kiti kikishaloa mchana hakikauki hadi usiku.