Kupima sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye mahindi kwa leza, bila madini ya fedha?

Mnunuzi wa Masindi:
Habari wakuu. Magunia 40 yangu yamekataliwa mpakani: sumukuvu. Kwa macho punje zilikuwa safi, ila nilipopasua moja nikakuta unga wa kijani kwenye kiini. Nasikia kuna kipimo cha Raman, cha mwanga wa leza, chenye chembe za madini ya fedha. Hakuna cha bei nafuu?

Mwanafizikia, Mbarara:
Pole sana ndugu yangu. Leza ikigonga molekuli, karibu mwanga wote hurudi na rangi ileile. Sehemu ndogo mno hubadilika, na humo ndimo alama ya sumu ilimo. Fedha huikuza mno, lakini hewani hushika weusi. Nano, yaani chembe ndogo mno, za oksidi ya titani (ndiyo inayoipa rangi ya ukuta weupe!) hudumu. Zenyewe hukuza kwa elektroni kuhama kati yake na molekuli iliyozigusa. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya fedha, kwa hiyo wengi huzichanganya nayo.

Mnunuzi:
Na kiwango cha sumu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki?

Mwanafizikia:
Mikrogramu 10 kwa kilo, kwa aflatoksini (aina ya sumukuvu) zote kwa jumla. Mafuta na wanga wa mahindi huficha alama hiyo, lazima uchuje kwanza. Kwa sasa kaushia kwenye turubai, unyevu usizidi asilimia 13.5.